Duara, shavu au ganda? Kuchagua mkato wa ndimu, limau na chungwa kwa meza ya Tanga

Mpishi wa shughuli mjini Tanga hapungukiwi na matunda ya kupambia. Msimu ukifika, machungwa ya Muheza hujaa soko la Mgandini, na pembeni yake hazikosekani ndimu, malimau, machenza na mabalungi. Linalowatatiza wengi ni kuamua tunda likatwe vipi, kwa sababu picha zinazosambaa katika simu huonyesha mikato kadhaa inayopendeza sawasawa, lakini hazisemi ni upi unaofaa samaki wa kukaanga, upi unaofaa jagi la sharubati, na upi utakaokuwa umenyauka kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Kwa miaka mingi nimepamba masinia na bilauri za harusi, maulidi na khitma hapa mjini, na kabla sijashika kisu huwa ninajiuliza jambo moja: mgeni atalifanya nini lile tunda likishafika mbele yake? Kama atalikamua, mkato wake ni mmoja. Kama atalinusa huku akinywa, mkato ni mwingine. Na kama atalitazama tu, hapo ndipo maua na vikapu vinapopata nafasi. Mikato ninayoilinganisha hapa nimeipanga kwa kufuata swali hilo.

Tunda lenyewe kabla ya mkato

Matunda yote ya jamii ya michungwa yana tabaka tatu ambazo mpambaji anapaswa kuzitofautisha kwa kidole na kwa ulimi. Ganda la juu, lile lenye rangi, limejaa vifuko vidogo vya mafuta, na humo ndimo ilimo harufu. Chini yake kuna utando mweupe, ambao kwa kawaida ni mchungu, na uchungu huo huonekana zaidi unapokaa muda mrefu ndani ya maji au unapopata moto. Ndani kabisa kuna nyama yenye maji na mbegu. Kila mkato ni uamuzi wa tabaka ipi ifike kwa mgeni na ipi izuiwe, na mikato mingi inayoharibika huharibika kwa sababu mkataji ameusahau ule weupe wa katikati.

Ndimu yetu ndogo ina ganda jembamba kama karatasi na mbegu nyingi, kwa hiyo haifai kabisa kwa mapambo ya maganda, lakini kwa kukamua haina mfano. Limau ni kubwa zaidi, ganda lake ni nene na likiiva huwa la manjano, nalo ndilo tunda ninalolipenda kuliko yote kwa kazi hii, maana linakubali karibu kila mkato. Chenza lina ganda lililoachana na nyama, hivyo ukilikata duara, ganda huteleza upande wake na nyama upande wake. Ni afadhali limenywe na vipande vyake vipangwe juu ya pudini au keki. Balungi lina ganda nene linalovumilia kisu, lakini utando wake una uchungu mkali unaotokana na kitu kiitwacho naringini, kwa hiyo ninalitumia pale tu ambapo halitagusana na kinywaji kwa muda mrefu.

Chungwa linahitaji maelezo ya peke yake. Mafunzo mengi ya kupamba yanatoka katika nchi ambako chungwa lililoiva lina ganda la rangi ya dhahabu, na anayeyafuata hapa Tanga hushangaa ua lake linapotoka la kijani. Chungwa letu halina kasoro. Ukijani wa ganda hupotea vizuri pale tunda linapopata usiku wa baridi likiwa bado mtini, na pwani yetu haina usiku wa namna hiyo, ndiyo maana chungwa linaweza kuwa tamu kabisa likiwa bado la kijani. Huko kwenye baridi nako, baadhi ya machungwa huwekwa katika vyumba vyenye gesi ya ethilini ili ukijani uliobaki uondoke kabla ya kupelekwa sokoni. Kwa mpambaji wa hapa, maana yake ni kwamba duara la chungwa la Muheza litakuwa na ukingo wa kijani na moyo wa manjano, jambo ambalo kwa macho yangu linapendeza kuliko rangi moja tupu, ila ua la ganda lake halitafanana na ua. Mimi hulitumia ganda hilo kutengenezea majani, na ua lenyewe nikalitoa kwenye limau lililoiva.

Tunda la kukamuliwa: kabari, shavu na nusu yenye meno

Penye samaki, mishkaki, pweza au supu, mgeni anataka maji ya ndimu, na pambo lolote linalomzuia kuyapata linamsumbua. Hapa ninalinganisha mikato mitatu tu.

Kabari ndiyo inayojulikana zaidi: tunda linapasuliwa kwa urefu, kila nusu ikagawanywa mara tatu au nne. Limau moja hutoa kabari sita hadi nane, zinashikika vizuri kwa vidole viwili, na zinakaa wima kwenye ukingo wa sahani. Udhaifu wake ni kwamba kisu kimefuata mstari wa vile vipande vya ndani, kwa hiyo baadhi ya utando unabaki mzima na maji hayatoki yote, na mbegu zimebaki katikati zikisubiri kudondokea kwenye wali. Dawa yake ni rahisi lakini wengi huiruka: kila kabari ilazwe ubavu, kisha ule mstari mweupe wa juu uondolewe kwa kisu mara moja. Mbegu nyingi huonekana hapo hapo na kutolewa kwa ncha.

Shavu hukatwa kama tunavyokata embe. Ndimu inasimamishwa, na kisu kinashuka pembeni mwa kiini, si katikati yake, kikatoa upande mmoja. Tunda likazungushwa, upande wa pili ukatoka, kisha wa tatu. Kiini hubaki mkononi na sehemu kubwa ya mbegu, nacho unakikamulia kwenye kachumbari. Mkato huu hupita katikati ya vile vipande vya ndani, ndiyo maana maji hutoka kwa kubonyeza kidogo tu. Ndimu ndogo hutoa mashavu matatu badala ya kabari nne, kwa hiyo kwa hesabu ya idadi unapoteza, lakini kwa hesabu ya maji yanayofika kwenye samaki unapata zaidi. Kwa ndimu zetu zenye mbegu nyingi siuoni mkato unaoshinda shavu, na tangu nilipouzoea sijarudi kwenye kabari isipokuwa kwa limau.

Nusu yenye meno ni ya sinia la heshima. Kisu chembamba chenye ncha kinachomwa kiunoni mwa limau hadi kwenye kiini, kwanza kikiwa kimelala kulia, kisha kushoto, kikizunguka hivyo mpaka mikato ikutane pale ilipoanzia. Ukivuta, limau linaachana kuwa nusu mbili zenye ukingo wa meno. Limekatwa kwa mapana, na vipande vyote vya ndani vimefunguka, kwa hiyo linakamulika vizuri sana, na hapo hapo ni pambo. Mkato huu peke yake ndio unaotimiza kazi zote mbili bila kuidhulumu yoyote, na kwa sinia la kolekole au changu mzima wa kupaka ninauchagua bila kusita. Gharama yake ni muda, kwani nusu mbili huchukua kama dakika moja na nusu ya mtu aliyezoea, na mbegu hazina pa kutolewa isipokuwa kwa ncha ya kisu moja baada ya moja. Kwenye baadhi ya mahoteli nusu hiyo hufungwa kwa kitambaa chepesi cha shashi ili mbegu zisipite, na sioni kwa nini nasi tusifanye hivyo kwa meza kuu.

Jambo moja linahusu mikato yote mitatu: tunda la kukamuliwa lisitoke kwenye friji moja kwa moja. Likiwa na joto la kawaida na limeviringishwa mezani kwa kiganja, hutoa maji kwa urahisi zaidi. Tunda la kukatwa duara linataka kinyume chake, kwa sababu likiwa na baridi nyama yake hukaza na kisu hupita bila kulirarua.

Tunda la kwenye bilauri: duara, nusu duara na ganda

Duara zima ndilo linalopendwa kwenye picha. Chungwa la kipenyo cha sentimita 7, likikatwa kwa unene wa milimita 5 na ncha zake mbili zikatupwa, hutoa maduara yapatayo 10. Likiwa jembamba kuliko hapo halisimami kwenye ukingo wa bilauri, hujikunja na kudondokea mezani. Likiwa nene sana huelemea bilauri nyepesi na mgeni hukosa pa kuweka mdomo. Hiyo ndiyo sababu kwenye shughuli yenye watu wengi mimi huchagua nusu duara: idadi inakuwa maradufu, linakaa imara kwa mpasuo mfupi uliokatwa kati ya ganda na nyama, na mtu ananywa bila kulishika. Duara zima nimeliachia jagi na bakuli kubwa la sharubati, ambako linaelea na kuonekana lote.

Hapo kwenye jagi ndipo penye kosa nililolitenda mwenyewe. Katika arusi moja ya Chumbageni nilitaka kujipunguzia kazi ya asubuhi, nikakata maduara ya limau usiku na kuyaacha ndani ya majagi ya maji ya sukari na tangawizi hadi siku ya pili. Kinywaji kilikuwa kichungu kiasi kwamba wazee waliweka bilauri chini baada ya funda la kwanza, na hakukuwa na sukari iliyoweza kukirudisha. Uchungu ulikuwa umetoka kwenye utando mweupe na mbegu. Tangu siku hiyo maduara huingia jagini saa moja kabla ya kuandaliwa, na yanayobaki humo hutolewa yakitimiza muda wa saa tatu. Kwa kinywaji cha moto tahadhari ni kubwa zaidi: chai ya rangi yenye kipande cha limau inywewe mapema, na kwenye chai ya maziwa kipande hicho kisikaribie, kwa sababu tindikali huyakata maziwa.

Ganda la kusokota ni la wale wanaojali harufu kuliko sura. Unakata ukanda wa ganda wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa kidole, unaukwangua ule weupe uliobaki nyuma yake, kisha unaukunja juu ya bilauri, uso wenye rangi ukitazama kinywaji. Mafuta huruka kama ukungu na kukaa juu ya kinywaji, na mgeni huyanusa kabla hajaonja. Ni kitu kidogo mno kukitazama, lakini kwenye juisi ya miwa, kwenye maji baridi ya madafu, au kwenye ukwaju uliokolea, ganda la limau hufanya kazi ambayo duara haliwezi, kwa kuwa duara hutoa zaidi maji ya uchachu kuliko harufu. Atakayechagua mkato huu ajue kwamba hauandaliwi mapema: mafuta hayo hupotea hewani, na ganda lililokatwa tangu asubuhi hunukia kidogo tu.

Ukanda mrefu wa mzunguko ni ndugu wa hilo ganda, na hapa watu wa Tanga wana mwalimu katika kila kona ya barabara. Muuza machungwa humenya chungwa kwa ukanda mmoja mwembamba usiokatika, toka juu hadi chini, akiacha weupe wote juu ya tunda, na hicho ndicho hasa kinachotakiwa kwenye bilauri. Niliposhindwa kwa muda mrefu, kijana mmoja wa Ngamiani aliniangalia akaniambia, “Mama, wewe unakikimbiza kisu. Kisu kikae pale pale, chungwa ndilo lizunguke.” Baada ya maneno hayo ilinichukua siku mbili tu. Ukanda ukishatoka, uzungushie mrija, uutie kwenye maji ya barafu kwa robo saa, na mkunjo utabaki. Chungwa moja hutoa ukanda unaoweza kukatwa vipande sita hivi vya bilauri, na tunda lililomenywa halipotei, linakamuliwa juisi. Kwa hesabu ya matumizi ya tunda, hakuna mkato unaobana kama huu.

Tunda la kutazamwa: ua na kikapu

Kwa ua, ganda pana la limau huviringishwa kuanzia ncha moja, likakaza katikati na kulegea nje, kisha likazungushiwa majani ya ganda la chungwa au mnanaa. Linachukua dakika tatu hadi nne, linadumu saa chache likifunikwa kitambaa kibichi, na uzuri wake ni wa kweli. Kikapu hukatwa kwenye balungi au chungwa kubwa: robo mbili za juu huondolewa na kuacha mshikio katikati, nyama ikachokolewa, ndani kukawekwa achali au vipande vya matunda. Ni kazi ya dakika tano au zaidi, na mkono ukiteleza kwenye mshikio, tunda zima limeharibika.

Maoni yangu ni kwamba katika mapambo haya mawili liwekwe moja tu kwa meza, basi. Nimeona sinia la biriani lililojaa maua ya maganda kiasi kwamba mgeni hakujua aanzie wapi kula, na kila ua lilipoguswa na wali wa moto liliacha uchungu pale lilipolala. Anayetaka rangi nyingi juu ya biriani atumie nyanya na pilipili hoho, kwa sababu vitu hivyo vinalika.

Maduara yaliyokaushwa nayo yanasifiwa siku hizi. Hukatwa kwa milimita 3 hadi 4, yakakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Kwa hewa yetu ya bahari, jua peke yake halitoshi, hasa wakati wa masika, na duara lisilokauka sawasawa huota ukungu. Kwa mwenye oveni na chupa inayofunga vizuri yanafaa. Kwa wengine si lazima.

Kuosha, muda na mikono

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vipande 76 vya limau vilivyochukuliwa kwenye bilauri za migahawa 21, na karibu asilimia 70 vilikutwa na vijidudu. Ninalitaja hili kwa sababu kipande cha kukamua kwenye samaki wa moto na kipande cha kuzamishwa katika maji baridi havina hatari ileile, na anayechagua kuzamisha anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Tunda lioshwe kwa brashi na maji yanayotiririka kabla ya kukatwa, hata kama ganda halitaliwa, maana kisu huupeleka uchafu wa juu hadi ndani. Kibao kilichokatiwa samaki kisiguswe. Vipande vilivyokatwa vikae kwenye friji au juu ya barafu, na vikiwa nje kwenye joto letu visizidi saa moja au mbili. Tunda lenye mng’ao wa nta, kama baadhi ya yale yanayotoka nje ya nchi, lioshwe kwa maji ya vuguvugu ikiwa ganda lake litatumika kwenye kinywaji.

Vipande visipangwe kwenye sinia tupu la alumini, kwa kuwa tindikali huila na kuacha madoa na ladha ya chuma. Sahani ya udongo, ya kioo au ya chuma cha pua inafaa. Anayekata nje, kwa mfano kwenye arusi ya ufukweni Raskazone, akae kivulini na anawe kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji na mafuta ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza, na msaidizi wangu mmoja alitoka malengelenge mikononi yaliyogeuka madoa meusi, nayo yalikaa kwa wiki nyingi.

Kwa shughuli ya watu 200 wanaokula watano watano, mimi hununua machungwa 15 kwa nusu duara za bilauri, ndimu 75 kwa mashavu ya kwenye sahani, na malimau 25 kwa nusu zenye meno, moja kwa kila sinia, huku yanayozidi yakiwa akiba ya yale yatakayoharibika na limau moja likiwa la ua la meza kuu. Nusu zenye meno hukatwa asubuhi na kufunikwa ndani ya friji, mashavu na nusu duara hukatwa wageni wanapoanza kuingia, na ukanda wa ganda, kama wenye shughuli wameutaka, humenywa bilauri zikiwa zimeshajazwa.